Viatu Mlangoni

Jumanne

Viatu vyangu vilikuwa pale nje ya mlango, kwa hivyo Halima alijua niko ndani. Mimi sikukumbuka viatu hata kidogo.

Nilikuwa kitandani na ile riwaya kuukuu, ya marafiki wawili wanaopaa juu ya mji kwa mwavuli mmoja. Nalia, eti kwa vile wanavyopendana! Halima, rafiki yangu tangu utotoni, akabisha, akaniita kwa jina, nami nikanyamaza ili nimalize sura.

"Basi pumzika, dadangu," akasema. "Maziwa nimekuwekea hapa."

Maziwa ya ngamia. Ameyapakata kwenye lori kutoka Merti.

Kitabuni, rafiki akibisha, mlango hufunguka wenyewe. Wangu ulitaka tu niinuke.