Namba aliyotuachia baba

Mujukuu wangu Zaituni,

Amahoro. Huku Rumonge tuko wazima. Mama yako anakamua mawese, na goti langu sasa linakubali kunifikisha msikitini. Umeuliza kwa nini nilicheka kwenye simu uliposema profesa wenu amewaonyesha 142857.

Namba hiyo alitufundisha baba, mimi na kaka yangu Hamisi. Ukiizidisha kwa mbili, unapata 285714. Kwa tatu, 428571. Tarakimu ni zilezile, zinafuatana vilevile, ila zinaanzia mahali pengine. Iko hivyo mpaka sita.

Kisha vita vikatutawanya. Baba akafariki, Hamisi akapotea miaka mingi. Siku moja mwanaume mwenye ndevu akashuka kwenye mtumbwi kutoka Congo, akasema ndiye Hamisi. Baba mudogo akaninong'oneza, "Huyu anataka shamba la michikichi tu." Mama alikuwa haoni tena. Wote wakanitazama mimi, na uso ule sikuutambua.

Nikamuuliza, "142857 mara saba?"

"999999."

Hesabu hiyo yeyote anaweza kuifanya. Ndipo akasema taratibu, "Hapo baba alikuwa anatuambia, imechoka kuzunguka, imelala."

Maneno hayo hayakuwahi kutoka nje ya nyumba yetu. Nikamshika mkono, nikamfikisha alipokaa mama.

"Mama, ni yeye."

Mama akampapasa mashavu, akalia, akacheka, kisha akamuuliza kama amekula.

Tangu hapo, mutu akirudi amebadilika, namwacha aseme kwanza.

Mungu akulinde,
Bibi yako