Chunjua ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Kamati ya sarafu mpya imekaa tena. Kikao cha tatu, hoja ile ile: chuma cha njano kiwe ndani na cheupe nje, au kinyume? Kwamba vyuma viwili vinawekwa ili watu wa sarafu bandia wapate tabu — hilo hakuna aliyeligusa. Mwenyekiti kaamua njano ndani. Eti inaendana na viti vya ofisini kwake.

Katikati ni uso wa mwanamke wa kawaida. Mchoraji ni mimi, nimemchora mama mkwe. Namwona kila asubuhi, sihitaji picha. Pua ile, kilemba, na chunjua yake shavuni.

Jioni nimemwambia. Miaka yote ananiita "huyo mchora vikaragosi". Leo kaniita mwanangu! Nimeenda jikoni kufuta machozi.

Alhamisi, 13 Machi
Chapa ya chuma ya kugongea sarafu tayari, nimeichimba mwenyewe. Mama mkwe katangazia mtaa mzima. Anashona gauni.

Jumanne, 18 Machi
Balaa. Mwenyekiti kasema uso wa mwanamke utazua maneno, kila mjumbe ataulizwa nyumbani kwa nini si mkewe. Niweke ndege tai. Kufikia Ijumaa!

Chapa mpya kwa siku tatu haiwezekani. Na chapa unaichimba tu, hufukii. Shimo ndilo linalotokeza kwenye sarafu. Kwa hiyo siwezi kufuta, naongeza tu. Pua imerefuka, ikawa mdomo wa tai. Kilemba kimekuwa manyoya. Chunjua haina pa kwenda.

Ijumaa, 21 Machi
Mwenyekiti kauliza hiki shavuni ni nini. Nikaropoka: alama ya usalama, mheshimiwa. Kafurahi mno, kataka iingie kwenye hotuba.

Nimemnong'oneza mke wangu. Kasema nimwambie mama mwenyewe, yeye hayumo. Nitamwambia kesho.

Jumamosi, 29 Machi
Uzinduzi. Naandikia nyuma ya ukumbi. Sijamwambia. Asubuhi kaniita mwanangu tena, nikashindwa.

Amekaa safu ya mbele na majirani, gauni la njano. Mwenyekiti anatangaza: sarafu halali mtaijua kwa chunjua ya tai. Picha imejaa ukuta mzima. Majirani wameitazama, kisha wakamgeukia yeye.

Kavua miwani, kaifuta, kaivaa. Kajishika shavu.

Sasa kasimama. Anamuuliza mhudumu, kwa sauti iliyomnyamazisha hata Mwenyekiti, huyo mchora vikaragosi amekaa wapi.