Unga Mweupe wa Nakwaya

Nakwaya, Masasi Magharibi
Jumatano, Agosti

Kwa Mjomba Abdulrazaki,
Kitangari, Newala.

Shikamoo, Mjomba.

Naitanguliza shikamoo hii kama mtu atandikaye mkeka kabla ya kumkaribisha mzee, maana niliyonayo ni mazito na sipendi uyapokee ukiwa umesimama. Natumaini goti lako limepoa na Mama Salmini hajambo kifua. Sisi huku tu wazima wa viungo. Kinachoniuma ni moyo, na maradhi yake ni kinyaa. Sidhani kama hata madaktari wa Ndanda wana dawa yake.

Ningeweza kukupigia simu, lakini simu yako hupokewa na mkweo Mudathiri, naye huiweka sauti kubwa ili nyumba nzima ifaidi. Haya si ya nyumba nzima. Bado.

Utakumbuka nilivyofika Kitangari baada ya mitihani ya chuo. Nilizikuta nyumba tano za ukoo wetu zimefungwa, na mikorosho imepakaa ubwiriunga, ule ukungu mweupe, mpaka kwenye vichipukizi, huku mifuko ya salfa, dawa yake, imelala ghalani kama haina kazi. Ulinipa ugali na kisamvu, ukaniambia vijana wamekwenda magharibi, kijito kimoja kinaitwa Nakwaya kimetoa dhahabu. Ukanituma nikamrudishe mdogo wangu Hamudi kabla hajaharibika. Nami nilipouliza ni ardhi ya nani, ulinijibu kwa utulivu kabisa kwamba ni pori tupu, halina mwenyewe.

Mjomba, maneno hayo nimeyasoma. Mwaka huu mzima nimeandika juu ya Wamarekani wa karne ya kumi na tisa, waliofungasha watoto na magodoro katika magari ya maksai wakaelekea magharibi, wengine kutafuta mashamba, wengine dhahabu ya Kalifonia. Nao walisema ni pori tupu. Lilikuwa na watu waliosaga mbegu za mialoni wakala, waliosubiri samaki wapande mito kutaga mayai. Wageni wakaifukua mito hiyo mpaka ikageuka uji wa tope, samaki wakafa, na wenyeji waliolalamika wakafukuzwa au wakauawa, kisha wakaandikwa kuwa ndio washenzi. Nilisimama mbele ya wanafunzi wenzangu nikawalaani wale watu kwa sauti iliyotikisa madirisha. Nilijiona salama. Nilidhani nawalaani watu wa mbali, wenye kofia pana na bunduki. Sikujua kwamba nawalaani wajomba zangu.

Maana huku Nakwaya kuna watu. Wapo tangu babu za babu zao, wanalima mpunga bondeni na mtama juu ya kingo, na kijito ndicho kisima chao. Sasa njoo ukione. Kingo zimechimbwa maduara, yale mashimo ya wima wanamoshuka kwa kamba, mpaka bonde linafanana na uso wa mgonjwa wa ndui. Karasha inasaga mawe mchana kutwa, na maji yake yanarudi kijitoni yakiwa ya rangi ya kahawa. Vijana wetu wanakanda mchanga wa dhahabu na zebaki kwa mikono mitupu, halafu kwa mikono hiyohiyo wanamega ugali. Wanajisaidia pale wanapooga. Jioni wanapiga muziki na kuwaita wake za watu.

Nani wanaofanya hivyo, Mjomba? Sisi! Watu wa juu, wa uwanda wa Newala usio na maji, ambao mama zetu walishuka mteremko alfajiri na mtungi kichwani wakapanda nao jua likichoma! Wewe ndiye uliyetufundisha kunawa uso kwa kikombe kimoja na yanayobaki kuwapa kuku. Ndiwe uliyetusimulia jinsi mama yako, bibi yangu, alivyoteleza na mtungi akalia, si kwa goti lililochanika bali kwa maji yaliyomwagika. Kama kuna kabila duniani ambalo lisingepaswa kuchafua kijito cha mtu, ni letu. Wachimbaji wa Kalifonia walikuwa na udhuru wa ujinga. Sisi tunaijua kiu kwa jina lake.

Nimepokewa na Bibi Stamili, mkubwa wa ukoo wa hapa, ambaye mpunga wake umezikwa chini ya kifusi. Alinipa maji ya kunywa kabla hajaniuliza mimi ni nani. Nilipomwambia ninatoka Kitangari, alisema kwamba maji aliyokwisha kunipa hayarudishwi. Mjomba, nilitamani ardhi inimeze.

Yeye ndiye aliyenisimulia habari ya unga. Alisema wageni walipofika kwa wingi, wenyeji hawakushika mapanga. Walisema bondeni kuna makaburi, basi waulizwe wafu wenyewe: wageni walete mzee wao, amimine unga wa wenyeji jioni chini ya msolo, mti wa matambiko, ufunikwe kwa chungu kipya, na asubuhi ukikutwa umesimama wachimbe, ukikutwa umemomonyoka waondoke kwa amani. Wageni wakakubali. Bibi Stamili akatwanga mtama wake mwekundu kwa mikono yake, na mzee wa wageni akaumimina taratibu, ukasimama kama kichuguu. Asubuhi chungu kilipofunuliwa, unga ulikuwa umesimama. Ila ulikuwa mweupe.

Mweupe pe! Sembe ya dukani. Watu wote waliuona. Bibi Stamili akapaza sauti kwamba huo si unga wake. Unajua walimjibu nini? Mmoja alipiga kelele, "Bibi, mizimu imeukoboa!" Mwingine akadakia kwamba ahera nako siku hizi kuna mashine ya kusaga, foleni tu ndiyo ndefu. Wakaangua kicheko, wakaukanyaga unga, wakakimbilia mtoni na masururu. Kicheko hicho, Mjomba, ndicho kinachonitapisha kuliko tope. Mtu anayedanganywa nitamsamehe. Umati unaouona uongo kwa macho yake, ukaugeuza utani kwa sababu uongo wenyewe una dhahabu, huo sina neno la kuuita.

Nilikwenda kambini nikawahutubia. Niliwaeleza Kalifonia, mikataba iliyovunjwa, samaki waliokufa, kisha ule unga mweupe. Bwana Ambakisye, mwenye karasha, mfanyabiashara aliyehamia Masasi kutoka Mbeya, alinisikiliza hadi mwisho akitafuna muwa, akasema, "Dada msomi, historia ni ya mtihani. Umeshafaulu, pumzika." Wakanishangilia kwa dhihaka na kunibatiza jina la Profesa Sembe.

Na sasa wamevuka mpaka wa mwisho. Wanasema Bibi Stamili ni mchawi. Eti ndiye aliyeugeuza unga ili apate kisingizio cha kuvunja ahadi. Jumamosi hii kuna mkutano wa kijiji, na wanataka mkutano huo umwondoe bondeni yeye na wanawe, kwani wachimbaji wamepata ridhaa ya wafu na yeye peke yake ndiye anayeipinga. Mama wa miaka sabini, Mjomba, ambaye kosa lake ni kuijua rangi ya mtama wake.

Nilidhani hayo ndiyo ya kukuandikia. Nilidhani nitakuomba tu uje, kwa heshima uliyonayo, uwakemee vijana. Kwani nilipomuuliza Bibi jina la yule mzee wa wageni, alisema hakulishika vizuri. Alikumbuka tu kwamba anachechemea goti na alikuwa na adabu sana.

Anayekukabidhi barua hii ni Hamudi. Yuko mbele yako sasa hivi. Usimfokee, na kama ameinamisha kichwa mwache. Itazame mikono yake kwanza. Ngozi inavyochubuka utadhani amekufa maji. Juzi nilimkuta ameketi nyuma ya jiko la kambi, hataki kula ugali. Kila nikimsogezea sahani, anageuza uso. Mwishowe alilia, akaniambia. Kulipopambazuka, kabla wenyeji hawajafika, alikukuta umechutama chini ya msolo. Siafu walikuwa wamepita, na unga mwekundu ulikuwa umelala chini kama mtu aliyechoka. Ulimtuma achote sembe kwenye kiroba cha kambi, kwa kuwa mtama haukuwepo. Alipokuuliza itakuwaje, ulimjibu kwamba unga ni unga, na wafu hawalimi. Nawe Kitangari hukuniambia kwamba umewahi kufika huku.

Najua kwa nini ulifanya. Hamudi amenieleza ulivyowatazama wale vijana waliolala chini ya maturubai, ukalia, ukasema kwamba hawa nao wana haki ya kupata mahali penye maji. Nayaamini machozi yako. Hata wale wa magari ya maksai walikuwa na watoto wenye njaa. Lakini umewanywesha vijana wako kwa kummwagia mtungi mama wa mwenzio, na mama yako alililia mtungi mmoja.

Bibi Stamili sijamwambia. Nimemwomba tu atwange mtama mwingine, naye ametwanga bila kuniuliza. Uko kwenye ungo, umefunikwa kwa kanga. Jumamosi njoo, Mjomba. Njoo na Hamudi, usimame mwenyewe, useme kwa kinywa chako ulichokikuta chini ya kile chungu. Nitakushika mkono kwa ajili ya goti. Usipokuja, nitasimama mimi, mpwa wako, uliyemfundisha kusema mbele za watu bila kumeza maneno, na nitalitaja jina lako lote.

Nisalimie Mama Salmini na wote wa ukumbini. Mwambie Mudathiri kwamba baada ya Jumamosi aweke sauti kubwa apendavyo.

Mwisho wa barua desturi hutaka nikuage kwa shikamoo nyingine. Hiyo nimebaki nayo. Nimeiweka kando ya ule ungo wa mtama, inakusubiri mkutanoni.

Mpwa wako,
Rukaiya