Kengele ya Lori la Kuku

Mtaa wa Tena, Nairobi

Dada yangu mpendwa Nasimiyu,

Natumaini barua hii inakukuta ukitembea vizuri, na kwamba goti limepata nafuu. Mimi ni mzima wa mwili. Moyoni sina la kujivunia.

Nimepokea ujumbe wako unaonitaka nimwombe radhi mwanao Wekesa. Kabla hujaniita mkaidi, nisikilize.

Unajua naendesha lori la baridi la kampuni ya kuku hapa Industrial Area, na Wekesa ndiye msimamizi wangu. Ndani ya sanduku la lori kuna kipimajoto kilichounganishwa na kengele iliyo karibu na usukani. Joto likipita nyuzi nne, kengele hulia, wala hainyamazi mpaka lishuke hadi mbili. Wapakuaji wetu wana mazoea ya kuacha mlango wazi wakipiga soga na wateja, hivyo ililia kila tulikosimama. Wekesa akapandisha kikomo hadi kumi na tano.

"Mjomba, hiyo kelele inatuaibisha bana. Sasa endesha kwa amani."

"Na kuku je?"

"Kuku walishakufa, mjomba. Hawasikii joto."

Wapakuaji wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Wiki iliyopita tulipeleka mzigo katika shule moja. Nilipofungua mlango, hewa iliyonipiga usoni ilikuwa vuguvugu. Mashine ya baridi ilikuwa imezimika njiani, na kengele kimya. Nilirudisha kikomo mahali pake, ikalia papo hapo. Mpishi wa shule akatoka jikoni.

"Mzee, inalilia nini?"

Nilimwambia ukweli. Akaukataa mzigo wote.

Wekesa alifika kwa pikipiki, amefura.

"Mjomba, umenimaliza mbele ya mteja! Leta ufunguo."

Nikampa. Akapanda lori, akaondoka na kuku wale wale. Jioni nilimuuliza amewapeleka wapi. Akanipita kwenye ngazi za jengo tunamoishi sote, kama mpangaji asiyenijua. Tangu siku hiyo sina kazi, na hilo ulilijua kabla ya kuniandikia.

Mwite, dada. Muulize, wewe uliyemzaa, kuku wale waliliwa na nani. Akikuapia kwamba aliwatupa, nitakuja nyumbani nimwombe radhi mbele yako.

Msalimie shemeji, mumeo, na binti yako mwalimu. Mwambie mama nakula vizuri. Wekesa nitamsalimia mwenyewe, atakapoweza kunitazama.

Ni mimi kaka yako,
Wafula