Koki ya Verlon na Dengu za Mkwe

Shangazi Opal mpendwa, naomba unisaidie kabla sijabaki na mume peke yake. Shule sikusoma sana, nisamehe nikichanganya. Tuko kambini kando ya ziwa huku Arkansas na nyumba yetu ya magurudumu, na mume wangu Verlon ndiye anayejifanya bingwa wa mabomba, jirani akiegesha tu keshafika kumwonyesha pa kuchomeka umeme na mpira upi ni wa maji ya kunywa, na bomba la choo chetu amelielekeza kwenye shimo la kambi akaacha wazi usiku na mchana koki ya tangi la uchafu lililo chini ya choo, anasema uchafu haufai kulala ndani, uende zake. Basi yamekwenda maji tu, Shangazi, mzigo wenyewe umebaki ukajijenga mlima chini ya choo, na sasa tunanusa mpaka kwenye mkate. Kwamba sababu ni koki hiyo nimeambiwa na mama wa gari la jirani, nami nikaogopa kumwambia Verlon kwa kuwa amekwisha kuwafundisha wanaume wa safu yetu yote waache koki wazi.

Akaja mwanangu Tucker na mkewe Annika, ambaye hali nyama, ni dengu na maharage, na Verlon akapata wa kumsingizia. Mezani akasema, "Tangi hili lilikuwa zima mpaka zilipoingia dengu." Nilidhani mkwe atalia, kumbe akajibu taratibu, "Baba, mlima ule haujengwi na mtu mmoja kwa wikendi moja." Tucker akacheka, baba yake akasusa chakula, mimi nikajifanya napakua viazi. Sasa vijana wanataka kuondoka kesho, na Annika kaniambia hatakanyaga kwetu tena hata Krismasi. Nafikiria Verlon akienda kuvua nifunge koki kimyakimya nimwage maji chooni, aone tangi limepona lenyewe. Je, ni dhambi?

Mama Tucker

Mama Tucker, nimecheka kwanza, ndipo nikakuonea huruma. Si dhambi, ni ujinga. Ukilizibua kwa siri, Verlon atasema limepona kwa sababu dengu zimeondoka, na mkwe wako atabaki na kesi hiyo maisha yake yote. Ukweli uliujua, ukajificha nyuma ya viazi.

Leo hii, mbele ya Annika, mwambie mumeo koki hufungwa mpaka tangi likaribie kujaa, ndipo hufunguliwa ili maji yabebe mzigo. Kisha mwombe mkwe radhi. Verlon akinuna, mwache. Kununa hakuzibui choo.

Afunge koki, amwage maji chooni ndoo kwa ndoo pamoja na dawa ya tangi, achomoe bomba na nyaya, avute nyumba kwa gari polepole kuzunguka kambi ili mlima utikisike. Arudi, achomeke, aache mlima ulowane hadi asubuhi, ndipo afungue. Usiposhuka, arudie. Glavu avae yeye, na mpira wa maji ya kunywa usisogee hapo.

Akiwa anazunguka, kila akimpita mwanamume aliyemfundisha, ashushe kioo amwambie naye afunge koki. Wewe kaa nyuma. Kiti cha mbele mpe Annika.