Taa Niliyoizima Siku ya Idd

Hillbrow, Johannesburg
10 Juni 2025

Mpendwa dada Shufaa,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na wote hapo nyumbani Tanga. Mimi sijambo, ila baridi ya huku imeingia mpaka kwenye godoro. Miguu ya Mama imepungua kuvimba? Anakula?

Anayekuletea barua hii ni Luqman, jamaa wa kwetu, anakuja huko kwa basi. Kwenye simu nimeshindwa kusema, maana Mama hukaa ubavuni mwako akisikiliza.

Idd nimeila peke yangu. Nilinunua wali kwa Mkongo wa ghorofa ya chini, nikala nimesimama dirishani. Upweke wa siku za kawaida nimeuzoea, wa sikukuu bado.

Sasa habari yenyewe. Unajua kazi yangu kule Kensington ni kulinda taa, ndogo kama punje ya hindi, ndani mna waya wa tungsteni. Zinakwenda angani kwenye setilaiti. Mtambo wa picha huitazama taa hiyo kila mara upime kama jicho lake bado linaona sawasawa. Lakini taa nayo huzeeka: waya huliwa na moto wake wenyewe, kioo kikaingia weusi. Kule juu hakuna wa kwenda kuibadilisha, kwa hiyo hapa tunawasha moja saa elfu mbili bila kuzima, tuandike inavyofifia. Tulikubaliana saa zikitimia ndipo nipewe likizo nije kumwona Mama. Zilibaki siku kumi na moja.

Asubuhi ya Idd nilikuwa peke yangu karakanani. Nikaandika kipimo, nikavaa kofia niende kuswali, na mkono ukazima swichi wenyewe. Mama katulea hivyo, taa haiachwi ikiwaka chumba kisicho na mtu. Nilishtuka nikiwa mlangoni. Nikarudi kuiwasha, ikamulika mara moja, waya ukakatika. Waya mzee huvumilia kuwaka, haustahimili kuwashwa upya.

Léonce, Mrundi ninayefanya naye kazi, hakunigombeza. Alisema tu, "Eish, ndugu yangu, ni kuanza moja." Mwenye karakana naye kasema hivyo hivyo, na likizo isubiri. Nikiondoka kabla, nafasi yangu anapewa mwingine.

Mama usimwambie ilivyokuwa, atajilaumu bure. Mwambie safari imesogea.

Nisalimie shemeji Ahmad, na Saida, ambaye sijui hata amefikia kimo gani. Mungu awafunike kwa rehema yake, akupunguzie mzigo unaoubeba peke yako.

Dada, saa elfu mbili ni siku themanini na tatu. Baba alipozidiwa mliniambia anaendelea vizuri, nikaja kukuta kaburi. Najua uhai ni wa Mungu, lakini wewe ndiye unayemwona Mama kila asubuhi. Nitumie ujumbe, uniambie tu siku hizo anazo au hana. Ukisema hana, naacha kazi siku hiyohiyo.

Mdogo wako akupendaye,
Khatibu