Picha Yako Nimeiondoa Mbele

Picha yako nimeiondoa mbele ya site yako ya kwenye simu, Furaha. Ni minye mama yako niliomba itoke.

Salamu, mwanangu. Usikasirike kwanza.

Weye ulipotuacha, tukakuzika, nilimwambia Neema, mwenzako wa kazi: "Ile site aliyotutengenezea wamama wauza ndagala, weka picha yake ya diploma, ijaze ukurasa. Weka na wimbo wa korali." Neema akasema, "Mama, watu wanakuja pale kutafuta samaki." Nikamjibu, "Wacha waone pia akili ilitoka tumbo gani." Unanijua. Kasenga nzima nilipita na simu mkononi, nikiwaonyesha hata wenye hawakuuliza.

Kumbe yale maneno yako ya juu, "Leo ndagala iko" ao "Leo hakuna, mwezi unawaka," picha iliyasukuma chini kabisa, kwenye hakuna anayefika.

Basi akashuka mama mmoja kutoka Mulenge, mtoto mgongoni. Mwezi umejaa, taa haziviti samaki, wavuvi wamelala kwao, meza zetu tupu. Akafungua simu yake mbele ya wamama wote. Wimbo ukaanza. Akaniambia kwa upole: "Mama Furaha, binti yako ni mzuri kabisa. Lakini zamani alikuwa ananiambia nishuke ao nibaki."

Angenitukana ningejitetea. Alirudi mlimani na kikapu kitupu, na minye ndiye nilikuwa nimekunyamazisha.

Nikakumbuka vile ulikuwa unakaa sokoni nyuma ya wamama, ukiangalia tu vidole vyao vinatafuta wapi kwenye simu. Nilikuwa nakucheka: "Diploma yote hii, kumbe kazi ni kuchungulia vidole?" Nisamehe. Juzi nilikaa vile vile, nikaona vidole vyote vinatafuta juu. Ndiyo, minye. Kisha Neema akarudisha maneno yako juu, makubwa, akatoa wimbo. Picha yako iko chini, ndogo, karibu na namba ya simu. Bado inashinda za watoto wa wengine.

Pumzika, mwanangu. Sitagusa tena kitu pale bila kumuuliza kwanza yule mwenye kushuka mlima.

Giza inarudi ziwani, wavuvi wanasafisha taa. Pale juu nimeandika kwa kidole changu: ndagala iko Jumamosi. Mama wa Mulenge amejibu, anashuka na wenzake. Wamama wa Songo pia. Wote wanakuja Jumamosi.